Mwandishi Kijana na Baraza

Kinyozi hajinyoi. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya vinyozi peke yao. Mkono wenye wembe ni stadi juu ya vichwa vya wengine, lakini juu ya kichwa chake mwenyewe ni kipofu, maana hauoni kisogo. Kila mtu afanyaye kazi ambayo kasoro yake hukaa nyuma ya macho yake huhitaji mtu wa pili, na kuandika ni kazi ya namna hiyo. Mwandishi husoma aliyoyaandika kwa akili ile ile iliyoyaandika. Penye shimo hupita bila ya kutumbukia, kwa kuwa anajua alilokusudia kusema, na nia yake humjengea daraja. Msomaji hana daraja hilo. Yeye hutumbukia.

Hata hivyo kuandika ni kazi ya upweke. Fundi wa chombo humwita mwenzake amshikie ubao. Mvuvi wa jarife huhitaji mikono mingi ya kuvuta. Lakini kalamu haishikwi na wawili. Kwa hiyo huzuka swali ambalo kila kijana mwenye kipaji, pamoja na wale wanaomlea, hawana budi kulikabili. Je, kijana huyu afungiwe mlango apate utulivu, au atolewe nje akae na watu? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kama mazungumzo ni pambo la maisha ya mwandishi, basi aliyeyakosa hakupoteza kitu kikubwa. Lakini kama ni chakula chake, basi anayemnyima kijana mazungumzo anamnyima riziki, na kijana anayeyakimbia anajidhulumu nafsi yake.

Watu wa mwambao walilijibu swali hili kwa mawe na chokaa. Lamu, Mombasa, Unguja na miji mingine ya pwani ina nyumba za kale zenye baraza, yaani kikalio cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, kando ya mlango, kikielekea njia. Aliyejenga baraza alimpa mpita njia mahali pa kuketi kabla ya kumjua jina. Hapo hunywewa kahawa, na hapo husikiwa bei ya samaki, habari ya chombo kilichochelewa, ugomvi wa mpaka na sifa za bibi arusi. Hapo pia shairi lilisemwa na kujibiwa. Aliyetoka na ubeti asubuhi aliweza kurudishiwa jioni, umegeuzwa kwa vina vile vile na kumkabili yeye mwenyewe.

Muyaka bin Haji ni mfano ulio wazi. Aliishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Alikuwa mtu wa biashara, alijuana na watawala wa Kimazrui, na beti zake zilishika kila jambo lililopita njiani: vita, mapenzi, dhiki ya fedha, hila za rafiki na hali ya mji. Wenziwe wa Mombasa walimjibu naye aliwajibu. Watunzi wa Lamu walirushiana naye maneno wakati miji hii miwili ilipokuwa na uhasama. Alipofariki, yapata mwaka 1840, hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Baada ya miaka mingi, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya beti zake kwa watu wa Mombasa waliozihifadhi, akafanya kazi hiyo pamoja na Mwingereza aliyeitwa William Taylor, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Kwa muda huo wote wa kati, vifua vya watu vilikuwa ndiyo maktaba yake. Hapana shaka kwamba uzuri wa beti uliwafanya watu wazikumbuke. Lakini upo ukumbusho utokao katika kusoma, na upo ukumbusho utokao katika kuwapo. Beti iliyosemwa mbele ya watu, ikachekesha mmoja na kuchoma mwingine, hukumbukwa pamoja na siku yake.

Katika mfano huu zaweza kupambanuliwa faida ambazo mazungumzo ya ana kwa ana humpa mtunzi.

Faida ya kwanza ni uso. Karatasi haina uso. Kijana akiandika neno la uongo juu yake, karatasi hulipokea kama lilivyopokea neno la kweli. Haikunji kipaji, haipigi miayo, haitazami njiani. Lakini kijana huyo akisoma kazi yake mbele ya watu watano, mambo mengi hujulikana kabla hajafika mwisho. Mmoja amesahau kikombe mkononi. Hapo maneno yameshika. Mwingine ameanza kuchezea ufunguo. Hapo maneno yamelegea. Wa tatu ameinamisha kichwa palipokuwa na mzaha, na mwandishi anatambua kwa mara ya kwanza kwamba mzaha ule una mtu uliyemjeruhi. Hakuna aliyesema neno, wala hakuna aliyelipwa kushuhudia, lakini ushahidi umetolewa. Katika jambo hili mna mafunzo ya sanaa na mafunzo ya maadili pamoja. Kijana aliyezoea kuandika juu ya maskini, wajane, wazee au watu wa kabila jingine bila ya kuwa mbele yao, huweza kuwafanya vinyago vya kuchezea. Akiketi nao baraza moja vinyago huwa watu, na kalamu yake hujifunza heshima ambayo darasa lingechukua miaka kumfundisha.

Faida ya pili ni jibu. Kusifiwa si kujibiwa. Anayesema "umefanya vyema" amefunga mazungumzo kwa upole, anayesema "lakini je, yule mama alikwenda wapi baada ya mazishi?" ameyafungua. Swali la namna hii humwonyesha kijana kwamba hadithi yake ina chumba ambacho yeye mwenyewe hajaingia. Ushairi wa Kiswahili umelijua jambo hili tangu zamani, hata ukalifanya kuwa bahari ya utungo. Katika ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala (1917–1969) alizikuza na kuzieneza, na ambazo alizitolea vitabu vya Ngonjera za UKUTA, watu hubishana kwa beti mpaka ukweli ujitokeze. Mtunzi wa ngonjera hulazimika kumpa mpinzani wake maneno yenye nguvu, kwa kuwa mpinzani dhaifu huharibu utungo mzima. Asiyewahi kubishana na mtu hai aliyemzidi hoja atayapata wapi maneno hayo? Atatunga mabishano ambayo ndani yake mmoja ana akili na mwingine ni mjinga, na msomaji atatambua kwamba wote wawili ni mtu mmoja.

Faida ya tatu ni ahadi. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia kwamba mwaka 1960, alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Makerere, Kampala, alikutana na Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia, ambaye alikuwa mmoja wa watu wa jarida la chuo lililoitwa Penpoint. Ngũgĩ alimwambia kuwa ameandika hadithi fupi, akamwuliza kama angependa kuitazama. Kariara alikubali. Jambo moja tu lilikosekana: hadithi yenyewe haikuwako. Ngũgĩ alikuwa amesema neno lililomtoka ghafula, naye sasa alikuwa na deni. Ilimpasa akaketi, akaandika, akarudi na hadithi mkononi. Nayo ilichapishwa katika jarida lile mwaka ule ule.

Kisa hiki kinachekesha, lakini kimebeba jambo la maana. Ndani ya chumba chake kijana huweza kujiahidi mambo mia, na yote yakavunjika bila ya kelele, kwa kuwa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja naye husameheana na nafsi yake haraka sana. Ahadi iliyotolewa mbele ya uso wa mwenziwe ina uzito mwingine. Atakutana naye tena mezani, njiani au mlangoni, na kila watakapokutana macho yatauliza. Kuna vijana wengi wenye vipaji ambao hawakushindwa na lugha wala na maarifa. Walishindwa kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwa akiwangoja. Kumngojea mwandishi kijana ni sadaka isiyogharimu fedha. Kariara hakutoa siku ile zaidi ya neno la kukubali na subira ya kupokea.

Faida ya nne ni kuona kwa macho kwamba jambo linawezekana. Mtoto wa mhunzi hufua chuma mapema kwa sababu amemwona baba yake akikifua, akaona na mikono iliyoungua, akajua kwamba ufundi ni kazi ya watu wenye jasho. Kijana asiyewahi kumwona mwandishi hudhani kwamba vitabu huteremka. Mwezi wa Juni 1962 uliitishwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika hapo hapo Makerere. Walifika Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo kutoka Nigeria, Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi, wazaliwa wa Afrika Kusini, na Langston Hughes kutoka Marekani. Na wa Afrika Mashariki walikuwamo Grace Ogot na Rebecca Njau. Ngũgĩ alikuwa bado mwanafunzi, na hadithi fupi mbili zilizochapishwa ndizo zilizomfungulia mlango. Alikuja na mswada wa riwaya mkononi, akampa Achebe ausome. Riwaya hiyo, Weep Not, Child, ilitoka mwaka 1964 kwa mchapishaji yule yule aliyechapisha vitabu vya Achebe. Mswada ungaliweza kupelekwa kwa posta, ukafika, na pengine ukasomwa. Lakini mkono uliotoa na mkono uliopokea ulikuwa chini ya dari moja, na kijana yule aliona kwamba mwandishi wa kitabu alichokisoma alikuwa mtu wa umri usiopita sana wake, aketiye, acheze na kuchoka.

Hapo ndipo sifa za mkutano zinapokwisha na lawama zake zinapoanza, wala haifai mwenye kusifu baraza kuipita lawama hii kwa kufumba macho. Mkutano wa Makerere ulikuwa wa waandikao kwa Kiingereza. Kijana mwenye hadithi mbili alikuwa na kiti. Shaaban Robert, ambaye alikuwa ameandika kwa Kiswahili tenzi, mashairi, insha, hadithi na maisha yake mwenyewe, hakuwa na kiti kwa kanuni ile. D. O. Fagunwa, aliyeandika riwaya kwa Kiyoruba, hakuwa na kiti pia. Ngũgĩ mwenyewe, baada ya miaka mingi, alilikosoa jambo hili. Na mwezi ule ule wa Juni 1962, Shaaban Robert aliiaga dunia akiwa na umri wa miaka 53.

Kiti kile kitupu chastahili kutazamwa kwa muda. Vitabu vya Shaaban Robert vipo, na kila kijana ajuaye kusoma Kiswahili aweza kuvipata. Lakini kitabu husomwa baada ya kifo cha mwenyewe. Uso hausomwi tena. Vijana waliokusanyika pale walijadili kama kuna fasihi ya Kiafrika, na ni ipi, na nani aiandike. Na mtu aliyekwisha kuiandika kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa lugha iliyosikiwa sokoni nje ya ukumbi wao na pwani nzima ya bahari iliyo mashariki yao, hakuwamo miongoni mwa walioulizwa. Hasara ilikuwa ya pande zote. Mzee hakusikia maswali ya vijana, na vijana hawakusikia sauti ya mzee. Baraza lililowakusanya wengi na kuwafungua macho liliwafunika jicho moja.

Wala kizingiti cha lugha si cha pekee. Baraza la pwani lenyewe, pamoja na ukarimu wake wote, kwa desturi lilikuwa la wanaume. Mwanamke alipita njia, hakuketi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, ambaye utenzi wake wa mwaka 1858 ni miongoni mwa tungo zijulikanazo sana katika Kiswahili, aliutunga kwa ajili ya binti yake. Mazungumzo yake yalifanyika ndani ya nyumba, mama akisema na mwana, na wanawake wakapokezana utenzi huo kwa kuusoma na kuunakili. Hii yaonyesha kwamba baraza laweza kuwa chumbani, jikoni au ukumbini, na kwamba watu waliofungiwa mlango mmoja hujenga kikalio chao mahali pengine. Yaonyesha vile vile ni sauti ngapi ambazo wanaume wa nje hawakuzisikia. Penye wengi pana mengi. Lakini mengi hayo hupunguka kila mtu mmoja anapozuiliwa kuingia.

Wako wanaosema kwamba mazungumzo haya yote ni anasa, maana upweke ndio mama wa maandishi makubwa. Hoja yao ina nguvu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali aliyehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, akakaa Pangani, Mpwapwa na kwingineko, mara nyingi mbali na watunzi wenziwe, na bado aliandika. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake uliouliza Kenya ilikuwa ikielekea wapi. Alitengwa na wafungwa wengine, hakuruhusiwa kuandika, akatunga na kuandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Na diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, ni tunda la upweke ule. Kama kifungo cha peke yake chaweza kuzaa kitabu cha namna hiyo, baraza lina haja gani?

Jibu limo ndani ya mifano hiyo hiyo. Shaaban Robert hakukaa kimya katika vituo vyake. Kwa miaka mingi, tangu 1931 hadi 1958, alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge, na barua hizo zimekusanywa na kuchapishwa. Aliandika pia kwa wasomaji wa magazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo watu wasiowahi kuonana waliulizana na kujibizana kutoka pwani hadi bara. Hilo lilikuwa baraza la karatasi, na aliyeishi mbali alilishukuru. Barua, gazeti, na siku hizi simu, ni mitumbwi mizuri ya kuvushia maneno. Lakini mtumbwi huhitaji pwani mbili. Barua ya ndugu kwa ndugu hubeba sauti iliyokwisha kusikiwa. Amsomaye anajua hapa ametabasamu na hapa amekasirika, kwa kuwa amewahi kumwona akitabasamu na akikasirika. Mazungumzo ya mbali hunawiri pale yanapoendeleza mazungumzo ya karibu, au yanapoyatamani.

Ama Abdilatif Abdalla, alilelewa katika jamaa ya watunzi, na nduguye Ahmad Nassir ni mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Aliingia gerezani akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, lakini masikio yake yalikuwa yamesikia mashairi ya miaka mingi. Katika Sauti ya Dhiki limo shairi juu ya mnazi, na shairi hilo ni majibizano ya watu wawili wanaogombania mti mmoja, kila mmoja akitoa hoja zake na mwingine akizikata. Mtu aliyetengwa na watu wote alitunga mazungumzo! Askari walifunga mlango juu ya mwili wake, lakini hawakuweza kulitoa baraza lililokwisha kuingia ndani ya kichwa chake. Hii ndiyo siri ya upweke wenye matunda: mara nyingi ni ghala la mavuno yaliyovunwa pamoja na wengine. Anayeingia katika upweke bila ya kuwa amesikiliza kwanza huingia katika ghala tupu, akafunga mlango, akashangaa kuona njaa.

Zipo hatari nyingine, nazo hutoka ndani ya baraza lenyewe. Ya kwanza ni sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hakuna mgema alewaye sifa upesi kama mwandishi wa miaka ishirini. Rafiki zake humpenda, na kwa kumpenda humdanganya. Naye hufanya mapenzi yao kuwa hukumu ya kazi yake. Ya pili ni wivu, ambao huvaa kanzu ya ukosoaji na kukaa mahali pa juu. Ya tatu ni kufanana. Watu wakikaa pamoja sana huchekeana mizaha ile ile na kuchukiana vitabu vile vile, mpaka ikawa vigumu kumpambanua mmoja na mwingine kwa maandishi yake. Ya nne, ambayo huua wengi, ni kusema badala ya kufanya. Yuko kijana asimuliaye riwaya yake kila jioni kwa ufasaha mkubwa, akapata kicheko na machozi yake hapo hapo, akaenda kulala ameshiba; na karatasi yake asubuhi ni nyeupe kama jana. Chungu kilichochemshwa kwa kila mgeni hukauka kabla ya chakula kupakuliwa.

Hatari hizi ni za kweli, lakini hazilivunji baraza, zinalidai adabu. Adabu ya kwanza ni kuja na kitu mkononi, maana asiyeleta kazi hana haki ya kupima kazi za wengine kila siku. Ya pili ni kuikosoa kazi na kumwacha mtu na heshima yake: "ubeti huu unachechemea" ni neno la fundi, na "wewe hujui kutunga" ni neno la adui. Ya tatu ni kumwacha mdogo aseme kabla ya mkubwa. Mkubwa akianza, mdogo humfuata. Mdogo akianza, mkubwa hujifunza. Ya nne ni amana. Kazi isiyokomaa ni siri ya mwenyewe. Aliyeisikia kibarazani haendi nayo sokoni kuichekea. Na ya tano ni kuondoka. Baraza lina mwanzo na lina mwisho wake, na kahawa ikiisha kila mtu hurudi kwake. Asiyejua kuondoka hana faida kwa wenziwe, maana kesho hatakuwa na jipya la kuwaletea.

Kwa adabu hizi upweke na mkusanyiko havipingani tena. Ni kama kupwa na kujaa. Maji yakijaa huleta samaki na takataka pamoja. Yakipwa, mwenye kuokota hutembea peke yake juu ya mchanga, akainama, akachagua. Asiyetaka maji yajae hatakuwa na cha kuokota. Asiyetaka yapwe hatapata kuona alicholetewa.

Basi swali la mwanzo limepata jibu, na jibu lina madeni mawili. Deni la kwanza ni la kijana. Ni juu yake kuinuka, kuvaa kanzu yake au shati lake, kuichukua kazi isiyokamilika na kwenda nayo mahali ambapo macho ya watu yatamtazama anapoisoma. Hofu atakayoihisi ni ya halali. Ni hofu ya mtu anayekiri kwamba maneno yake yana uzito, na kwamba yaweza kumwangukia mtu. Anayekwepa hofu hiyo mpaka kazi yake ichapishwe atakutana nayo siku ambayo hawezi tena kusahihisha.

Deni la pili ni la waliotangulia, nalo ni kubwa zaidi. Walimu, malenga, wahariri na wote ambao majina yao yamekwisha kujulikana walikalishwa na mtu fulani siku moja. Wengine walipewa kiti kwa neno la kukubali tu, kama lile alilolitoa Kariara. Deni la namna hii halilipwi kwa aliyelitoa. Hulipwa kwa anayekuja. Na kulilipa kwake si kumkaribisha anayefanana na waliokwisha kuketi, bali ni kuuliza kila jioni nani hayupo: msichana aliyepita njiani bila ya kuitwa, karani aliye katika kituo cha mbali, mtu ambaye lugha yake haimo katika kanuni za mkutano. Juni 1962 swali hilo halikuulizwa mapema, na lilipoulizwa, mwenye kujibu alikuwa amekwisha kuzikwa. Waliojenga baraza za mawe hawakupima urefu wake kwa idadi ya watu wa nyumbani. Walijenga na nafasi ya mmoja ambaye hajafika.